Kwa risiti au bila risiti? Kwa nini nchi zetu hukusanya kodi kidogo

Ukiingia kwenye duka la vitenge Kariakoo na kuulizia bei ya jora, muuzaji mzoefu anaweza kukuuliza swali kabla hajakutajia chochote: "Unataka kwa risiti au bila risiti?" Ukisema bila, bei inashuka. Ukisema kwa risiti, inapanda, na muuzaji anakutazama kama mtu aliyetumwa. Tofauti ya bei hizo mbili ni kodi, au sehemu yake, ambayo wewe na yeye mnagawana palepale mezani bila kuandikiana neno. Nyote mmetoka na faida. Aliyepoteza hayupo dukani.

Wengi wakisimuliwa kisa hiki hukimbilia hukumu: watu hawana uzalendo, wafanyabiashara wanakwepa, maofisa wanakula. Yote hayo yapo. Lakini tuseme mnunuzi yule ni mwalimu wa shule ya serikali. Mwezi huohuo amekatwa kodi ya mshahara hadi shilingi ya mwisho, wala hakupata hata nafasi ya kuwaza kukwepa. Uzalendo wake haukubadilika kati ya siku ya mshahara na Jumamosi ya kwenda Kariakoo. Kilichobadilika ni njia ambayo fedha zilipitia. Na mimi naona kwamba ukiifuata njia hiyo, utaelewa uwezo wa nchi kukusanya kodi vizuri zaidi kuliko ukianza na tabia za watu au na viwango vilivyoandikwa kwenye sheria.

Kwanza tujue kinachopimwa

Jumla ya shilingi haitoshi kutuambia nchi inakusanya vizuri au vibaya. Mwaka wa fedha 2024/25 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilikusanya zaidi ya shilingi trilioni 32, na kila mwaka tunasikia rekodi imevunjwa. Itakosaje kuvunjwa, ikiwa bei zinapanda, watu wanaongezeka na uchumi unakua? Kinacholinganishwa kati ya nchi na nchi ni uwiano: katika kila shilingi 100 za thamani iliyozalishwa nchini kwa mwaka, ni ngapi zimeingia serikalini kwa njia ya kodi? Tanzania ni kama 13. Kenya huzidi kidogo. Wastani wa nchi za Afrika ambazo takwimu zake hukusanywa na OECD, shirika la kiuchumi la nchi tajiri, ni kama 16. Nchi tajiri zilizo wanachama wa OECD wastani wao ni kama 34, na Denmark huvuka 40. Itifaki ya Umoja wa Fedha ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala Novemba 2013, inataja 25 kuwa shabaha. Hakuna nchi mwanachama iliyoifikia.

Uwiano huu una ujanja wake. Una namba mbili, kodi juu na pato la taifa chini, na ile ya chini nayo ni makadirio ya watakwimu. Aprili 2014 Nigeria ilipitia upya namna inavyohesabu pato lake, ikaingiza filamu, simu na biashara ambazo hazikuwa zikihesabiwa, na uchumi wake ukaongezeka kwa asilimia 89 kwenye karatasi. Mwaka huohuo Kenya nayo ilifanya vivyo hivyo, pato likapanda kwa karibu robo, na Tanzania ikafuata mwezi Desemba kwa ongezeko la zaidi ya robo. Siku iliyofuata nchi zote tatu zilionekana zinakusanya kodi kidogo zaidi, ingawa hakuna mtu hata mmoja aliyeanza kukwepa usiku ule. Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba uwiano wetu umepanda au kushuka kwa nusu pointi, usikimbilie kupongeza wala kulaumu.

Jambo la pili husahaulika mno. Hizo nchi tajiri nazo, zilipokuwa zinajenga reli na viwanda vyao mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa zinakusanya karibu asilimia 10 ya pato lao au chini ya hapo. Zilipanda baadaye sana. Uingereza ilianza kukata kodi kwenye mshahara kabla haujamfikia mfanyakazi mwaka 1944, na Marekani mwaka 1943, katikati ya vita. Kabla ya hapo mtu alilipwa kwanza, kisha akadaiwa. Baada ya hapo fedha zilipitia kwa mwajiri, mwajiri akawa mkusanyaji wa kodi asiyelipwa na serikali. Neno moja litatusaidia kuanzia hapa, na linajulikana na kila aliyewahi kusafirisha magunia ya mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine: geti, mahali ambapo mzigo hauna budi kupita na ukatozwa ushuru. Mwajiri ni geti.

Forodhani na rupia tatu

Mwambao wetu ulilijua jambo hili mapema. Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, hakujishughulisha kuhesabu watu wa bara wala mashamba yao. Alihitaji bandari. Mkataba wake na Wamarekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa, na kazi yenyewe ya kukusanya akaikodisha. Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi, aliishika forodha ya Unguja kwa karibu miaka ishirini: anamlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, kinachozidi ni chake. Sultani hakuwa na ofisi ya takwimu, hakuwa na wakaguzi, pengine hakujua hata ni pembe ngapi zimepita. Alikuwa na geti moja na mtu mmoja mwenye sababu ya kulilinda. Leo watu wanakula urojo na mishikaki jioni pale Forodhani, na jina bado linasema palikuwa na kazi gani.

Wajerumani walikuja na fikra nyingine. Mwaka 1898 walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Tofauti na forodha, kodi hii haikuwa na geti. Mtu aliyekuwa analima mtama wake, anakula na wanawe na kubadilishana kidogo na jirani, hakuwa na rupia, na hapakuwa na mahali ambapo rupia ingepita mikononi mwake ikakatwa. Ilibidi afuatwe nyumbani kwake na askari. Na kwa kweli sehemu ya shabaha ilikuwa hiyohiyo: kumlazimisha alime pamba au akafanye kazi shambani kwa mzungu ili aipate rupia. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa na sababu nyingi, na kodi ilikuwa mojawapo.

Baada ya Wajerumani kuondoka, kodi ya aina hiyo ilibadilisha majina lakini haikufa. Wazee wa Tanganyika wanakumbuka kodi ya kichwa. Baada ya uhuru ilifutwa, miaka ya 1980 ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, hadi ikafutwa tena mwaka 2003 pamoja na lundo la ushuru mdogomdogo ambao wananchi walikuwa wameshaubatiza jina la kodi za kero. Uganda walikuwa na yao ya madaraja, ikasimamishwa mwaka 2005, uchaguzi ukiwa mlangoni. Kote huko simulizi zinafanana: mgambo wanaingia kijijini alfajiri, wanaume wanakimbilia porini, jioni wanarudi. Gharama ya kumkamata mtu mmoja ilikaribia kile alichokuwa anadaiwa. Kodi isiyo na geti hutaka bunduki, na bunduki nayo ina gharama zake, zikiwemo zile zinazolipwa miaka mingi baadaye wakati watu wanapolisikia neno kodi na kukumbuka mgambo.

Korosho na mahindi

Sasa angalia uchumi wenyewe ulivyo. Kilimo ni zaidi ya robo ya pato la Tanzania na ndicho kinachoajiri watu wengi kuliko sekta nyingine yoyote. Lakini gunia la mahindi linaloliwa na familia iliyolilima huingia kwenye pato la taifa, kwa kuwa watakwimu hulikadiria thamani, halafu haliingii kwenye kodi popote. Linakaa kwenye namba ya chini ya ule uwiano wetu na halionekani kwenye namba ya juu. Kadiri nchi inavyokuwa na magunia mengi ya namna hiyo, ndivyo uwiano wake unavyobaki chini, hata kama kila ofisa wa kodi angekuwa malaika.

Korosho ni habari nyingine. Mkulima wa Newala au Tandahimba haili korosho yake yote. Anaipeleka kwenye chama cha msingi, inaingia ghalani, inauzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na sehemu kubwa inapakiwa meli Mtwara. Kila hatua ni geti. Ndiyo maana korosho ghafi inayosafirishwa nje imebebeshwa ushuru ambao mahindi hayawezi kuubeba: asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi kati ya hivyo viwili. Na ndiyo maana mwaka 2018, serikali ilipobadili sheria ili sehemu ya fedha hizo iliyokuwa ikirudi kwenye sekta ya korosho iingie mfuko mkuu, wabunge wa kusini waliwaka bungeni. Hakuna mkoa uliowahi kuwaka hivyo kwa ajili ya ushuru wa nje wa mihogo. Haupo wa kugombania.

Unaona basi jinsi mzigo unavyojipanga. Bandari na mipaka huleta zaidi ya theluthi ya makusanyo ya TRA. Kampuni mia kadhaa kubwa huleta sehemu nyingine nono: benki, simu, bia, sigara, saruji, mafuta. Bia imekuwa rafiki wa kila waziri wa fedha Afrika Mashariki, kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na afya ya mnywaji: viwanda ni vichache na chupa huhesabika. Petroli nayo inashushwa kwenye bandari chache na inapita kwenye mita. Kisha anakuja mwenye mshahara. Tanzania mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi, ukivuka unaanza na asilimia 8, na kila shilingi inayozidi milioni moja inakatwa asilimia 30. Mwenye duka anayeingiza mara tano ya mshahara huo anajieleza mwenyewe kwa ofisa, na maelezo yana nafasi ya kupumua.

Kongo inaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Mashariki mwa nchi ile barabara zina bariere kila mwendo mfupi: jeshi, wilaya, chifu, waasi, kila mmoja na kamba yake. Dereva wa lori analipa kutwa nzima. Mageti yapo tele, ila kinachokusanywa hakifiki Kinshasa. Kwa mwananchi, mzigo ni mkubwa. Kwenye uwiano wa taifa, hauonekani.

Mnyororo wa risiti na mahali unapokatika

Miaka ya 1990 nchi zetu ziliambiwa zipunguze ushuru wa forodha ili biashara ifunguke, na pengo lizibwe na kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Kenya ilianza 1990, Uganda 1996, Tanzania Julai 1998 kwa asilimia 20 na baadaye ikashuka hadi 18. Wakati huohuo zikaundwa mamlaka za mapato zenye uhuru wa kiasi: URA ya Uganda 1991, KRA ya Kenya 1995, TRA ya Tanzania 1996. Watu wengi hudhani VAT ni ushuru wa mauzo tu wenye jina refu. Sivyo, na utaratibu wake unastahili kuelezwa polepole, kwani ni mojawapo ya mitego mizuri iliyowahi kubuniwa na watoza kodi.

Chukua jora lilelile la kitenge. Mwagizaji analitoa bandarini na kulipa VAT pale. Anamuuzia muuzaji wa jumla kwa shilingi 100,000 na kuongeza 18,000 za kodi. Muuzaji wa jumla anaongeza faida yake, anamuuzia wa rejareja kwa 120,000 na kodi ya 21,600. Sasa anapokwenda kuwasilisha mahesabu, halipi 21,600 zote. Anatoa zile 18,000 alizokwishalipa aliponunua, anabaki na deni la 3,600. Lakini ili azitoe lazima awe na risiti. Bila risiti ya mwagizaji atazilipa yeye zote. Kwa hiyo muuzaji wa jumla ndiye anayemkaba mwagizaji amwandikie risiti sahihi, na wa rejareja anamkaba wa jumla. Serikali imewageuza wafanyabiashara kuwa walinzi wa wenzao, na haijamlipa mtu.

Mnyororo huu una udhaifu mmoja: mwisho wake. Mama aliyenunua kitenge akashone hana mahali pa kudai zile 18 kwa mia. Risiti kwake ni karatasi. Pale mwisho hakuna anayemkaba mwenzake, na ndipo linapozaliwa lile swali la bei mbili. Kwa miaka mingi tumekuwa tukihubiriwa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", na tangu 2010 zikaja mashine za EFD, za risiti za kielektroniki, lakini mashine haimlazimishi mtu kuibonyeza. Rwanda walilitazama tatizo hili kwa jicho la mfanyabiashara: tangu 2024 mnunuzi wa mwisho anayedai risiti ya mashine anarudishiwa asilimia 10 ya VAT iliyomo. Wamempa mama yule sababu. Sijui kwa nini jambo jepesi namna hii limechukua muda kuigwa na majirani, ambao wanaona afadhali kumvizia mteja mlangoni mwa duka na kumuuliza risiti iko wapi.

Kuvizia huko kuna bei yake. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa, na mojawapo ya malalamiko ilikuwa kamatakamata ya wateja, ambao wengi wao huja kutoka Zambia, Malawi na Kongo na wana uwezo wa kuchagua soko jingine. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa ilibidi aende Mnazi Mmoja kuwasikiliza uwanjani. Mwaka uliofuata wakafunga tena.

Kisha kuna wale wasiokuwemo kwenye mnyororo kabisa. Kusajili kila mwenye genge kungegharimu kuliko ambavyo angelipa, ndiyo maana sheria huweka kizingiti: Tanzania, tangu 2023, usajili wa VAT ni wa lazima mauzo yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Chini yake kuna kodi ya makadirio kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 100, na wa chini ya milioni 4 hawadaiwi. Ni busara. Lakini kila kizingiti kinazaa tabia. Mtu aliyekaribia mstari hasongi mbele, anafungua duka la pili kwa jina la mkewe na la tatu kwa jina la shemeji. Mtu wa nje akitazama ataona biashara tatu ndogo zisizokua, aandike ripoti kwamba Waafrika hawajui kukuza biashara.

Desemba 2018 Rais John Magufuli alikata fundo kwa panga. Aliwagawia wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya machinga, kila kimoja shilingi 20,000 kwa mwaka, na mwenye nacho asisumbuliwe. Kwa hesabu za kodi hizo ni fedha ndogo. Machinga wengi, hata hivyo, walilipa kwa moyo mweupe, kwa sababu walikuwa wananunua kitu: kutokufukuzwa.

Mageti mapya

Ukielewa fikra ya geti, utaelewa pia kwa nini karibu kila kodi mpya Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni imefuata simu au umeme. Miamala ya simu ilikuwa zawadi. Mamilioni ya watu ambao hawajawahi kuingia benki, mama wa mbogamboga, bodaboda, mkulima, wote ghafla fedha zao zinapita kwenye mitambo ya kampuni chache. Uganda ilirukia mwaka 2018 kwa asilimia 1 ya muamala, kelele zikawa nyingi, ikashushwa hadi nusu na kubakishwa kwenye kutoa tu. Tanzania ilianza Julai 2021 kwa tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi, juu ya ada za kampuni zenyewe.

Kosa lilikuwa dogo kimahesabu na kubwa kimaisha. Fedha zinazotumwa hazijazalisha kitu, zinahama tu. Baba akimtumia mwanawe fedha za pango, mtoto akamtumia mwenye nyumba kwa simu, na mwenye nyumba akazitoa, tozo imekatwa mara tatu juu ya fedha ambazo pengine zilikwishakatwa kwenye mshahara. Na tofauti na bandari, geti hili lina kichochoro pembeni: noti. Watu walirudi kwenye noti. Wengine wakaanza kumpa kondakta wa basi bahasha kama zamani. Ndani ya miaka miwili tozo ilipunguzwa mara kadhaa, na Julai 2023 ile ya kutuma ikaondolewa. Kilichosikitisha ni kwamba serikali ilikuwa inawafukuza watu kutoka mahali pale pale ambapo, kwa subira kidogo, ungeweza kuonekana uchumi wa mtaani kwa mara ya kwanza.

Kodi ya majengo iliyohamishiwa LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021 ilikuwa na akili zaidi, maana umeme hauna kichochoro. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, sasa 1,500, inakatwa ukinunua umeme. Halmashauri zilikuwa zimehangaika miongo na wathamini na madaftari. Lakini kadi ya LUKU mara nyingi iko mikononi mwa mpangaji, na nyumba ni ya mwenye nyumba. Sheria inasema anayedaiwa ni mwenye mali na mpangaji afidiwe kwenye kodi ya pango. Yeyote aliyewahi kupanga uswahilini anajua mazungumzo hayo huishia wapi. Kuna jambo jingine pia: kibanda na jumba la kifahari visivyo vya ghorofa vinalipa sawasawa. Kilichokuwa kodi ya thamani ya mali kimegeuka kuwa kodi ya mita.

Wenye mageti yao wenyewe

Hadi hapa nimezungumzia wadogo, kana kwamba tatizo lote liko sokoni. Machi 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia, mchanga wenye dhahabu na shaba uliokuwa unapelekwa nje kuyeyushwa, na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Wote tulibishana vijiweni kuhusu kilichomo ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe: baada ya miaka karibu ishirini ya migodi, nchi ilikuwa inabishana kuhusu kilichomo. Julai mwaka ule kampuni ya migodi ya Acacia ilipelekewa madai ya kodi, riba na faini ya dola bilioni 190, zaidi ya mara tatu ya pato la mwaka la nchi nzima. Oktoba 2019 makubaliano na Barrick, mmiliki wa Acacia, yalitangazwa: dola milioni 300, hisa ya asilimia 16 na kampuni ya pamoja iitwayo Twiga. Umbali kati ya namba hizo mbili unapima, kuliko kitu kingine, jinsi ilivyo vigumu kudai usichoweza kukipima.

Kampuni kubwa haihitaji kuficha risiti. Ina ndugu. Mgodi unamuuzia shaba kampuni dada iliyo Uswisi kwa bei ya chini, faida inajitokeza kule. Au unanunua huduma za ushauri kutoka kwa dada mwingine aliye kwenye kisiwa kisicho na kodi, au unakopa kwake kwa riba nene, na riba ni gharama, gharama hupunguza faida inayotozwa kodi. Kila karatasi ipo na kila saini ni halali. Zambia iliwafuatilia kampuni ya migodi ya Mopani kwa mauzo ya shaba kwa mwenye hisa wake Glencore ya kati ya 2006 na 2009. Mahakama ya Juu ilitoa hukumu upande wa serikali Mei 2020. Walishinda, ila hesabu miaka. Kenya iliingia mkataba wa kodi na Mauritius, Mahakama Kuu ikaubatilisha Machi 2019 kwa kuwa haukuwasilishwa bungeni inavyotakiwa, na muda si mrefu serikali ikasaini mwingine. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki lilikadiria mwaka 2015 kwamba zaidi ya dola bilioni 50 huvuja Afrika kila mwaka kwa njia haramu, na biashara ya kampuni kubwa ilichukua sehemu kubwa kuliko rushwa.

Halafu kuna mageti tunayoyafungua wenyewe. Mwekezaji kwenye maeneo maalumu ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje husamehewa kodi ya kampuni kwa miaka kumi. Jirani naye anatoa, kwa hiyo sisi tutoe. Misamaha haionekani kwenye bajeti kama matumizi, kwa sababu fedha hazikuingia ndipo zitoke, na kisichoonekana hakina wa kukipigia kelele.

Kile ambacho geti haliwezi

Mtu anaweza kusoma hadi hapa akadhani nauza mashine. Nicholas Kaldor, mchumi maarufu wa Cambridge, alizunguka nchi nyingi changa kuzishauri kuhusu kodi. Ghana ilifuata ushauri wake kwenye bajeti ya 1961, na wafanyakazi wa Sekondi-Takoradi wakagoma. Kwenye karatasi kodi zake zilikuwa nzuri.

Kenya ni mfano wa karibu zaidi. Kwa mageti, Kenya iko mbele yetu: iTax ya kuwasilisha kodi mtandaoni, M-Pesa, eCitizen ya kulipia huduma za serikali, risiti za kielektroniki. Mwaka 2023 VAT ya mafuta iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, mishahara ikaanza kukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuja juu ya mzigo huo. Juni 25 vijana waliingia Bunge, wengine wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuusaini. Walioandamana hawakuwa wakwepa kodi waliojificha. Wengi ni watu wanaoonekana kila kona na mfumo, na hoja yao ilikuwa ya wapi fedha zinakwenda, katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya mapato hulipa madeni. Geti hukuonyesha fedha zilipo. Kama mwenye fedha atakubali uzichukue ni mjadala mwingine, na hauna mtambo.

Juzijuzi nilijaribu kuwa raia mwema. Nilinunua vitu vya shilingi 180,000 kwenye duka moja na nikasema nataka risiti. Muuzaji hakukataa. Alisema mtandao unasumbua, nisubiri. Nikasubiri. Alipoona siondoki alibonyeza mashine, ikatoa karatasi, akaikunja vizuri na kunikabidhi kwa mikono miwili. Nilipofika kituoni nikaifungua. Tarehe sahihi, jina la duka sahihi, bidhaa sahihi. Jumla: shilingi 30,000.